Salamu za Bila Kusimama

Hakuna kinachonipandisha mori kama daktari anayemwambia mgonjwa, "Mama, fanya mazoezi," kisha anaita, "Anayefuata!" Mazoezi gani? Afanyie wapi? Avae nini? Mama wa watu anaondoka na vidonge vyake na hilo neno moja linaloelea hewani, na kliniki ijayo anarudi vilevile. Mimi nafundisha wanafunzi wa udaktari hapa Tanga, na somo langu ndilo hilo: kuushughulisha mwili, na afya. Wenzangu wanaliona somo la kupumzikia. Wanafunzi nao huja wakidhani watasinzia. Hawasinzii, maana mdomo ninao.

Kila mwanafunzi nampa mtu mzima mmoja wa mtaani asiyetembea. Kazi yake ni kumfanya atembee, na amwandikie kutembea huko kama anavyoandika dawa: saa ngapi, njia ipi, mwendo gani. Kipimo cha mwendo nacho hakihitaji mashine. Ukitembea huku unaweza kuimba, unazembea. Ukishindwa hata kuongea, umezidisha. Uweze kuongea, kuimba kukushinde, hapo ndipo penyewe.

Mwaka juzi watu wa kuwapa wanafunzi walipungua, nikamtoa shangazi yangu.

Shangazi anakaa Ngamiani. Sukari anayo, presha anayo, na goti lake moja lina visa. Kufika tu dukani pale kwenye kona alikuwa anapumzika njiani. Basi mwanawe aliyeko Maskati akamkatia tiketi ya kwenda umra. Nyumba nzima vigelegele, mpaka mtu mmoja akataja kiti cha magurudumu. Shangazi akaweka kikombe chini.

"Kusukumwa, mie? Nimeiomba safari hii tangu msichana, halafu nikifika mbele ya Kaaba nisukumwe kama mkokoteni wa maji? Nitazunguka kwa miguu yangu hii, au tiketi mrudishe."

Nikajua hatanii, na roho ikaniuma, kwa sababu kwa pumzi ile aliyokuwa nayo asingemaliza hata mzunguko mmoja.

Mwanafunzi niliyempa ni binti wa Lushoto, Mlutheri, mwembamba, anatembea kama basi linamwacha. Alikuja na adabu zake, "Shikamoo bibi," akampima, akamkagua nyayo, akamkataza ndala akamchagulia raba. Kazi safi. Kisha akamwandikia: kila asubuhi baada ya chai, kutoka mlangoni mpaka msikitini na kurudi, mwendo wa haraka, bila kusimama. Chini ya "bila kusimama" akapiga mistari miwili.

Anayeijua Ngamiani ameshaanza kucheka. Pale kila nyumba ina baraza, na asubuhi kila baraza ina watu na kahawa yao. Hupiti hivihivi. Unasimama, unaulizwa hali, unaulizwa watoto, unaulizwa mgonjwa wenu, nawe unauliza yote hayo, ndipo unaaga, na hatua chache mbele kuna baraza nyingine inakungoja.

Shangazi akiamua, ameamua. Alikaza buibui, akavaa raba zake, akatazama mbele, akazipita baraza kimya mpaka pumzi ilipomgeuza nyumbani. Kesho yake tena. Na keshokutwa.

Simu zikaanza kuita kwangu Nguvumali. "Daktari, shangazi yako tumemkosea nini?" Mwingine: "Hata ndege hajapanda, ameshatusahau!" Mimi nacheka, naona yatapita. Hayakupita. Jumapili nilimkuta shangazi amekaa kitandani, raba ziko uvunguni, na bakuli mapajani.

"Tazama," akaniambia. "Limerudi tupu."

Kwetu bakuli ulilompelekea jirani chakula halirudi tupu. Hata kama hana kitu, atatia ndimu mbili. Jirani wa mlango wa pili, ambaye walizaa wakati mmoja na kuzikiana wafu wao, alilirudisha limeoshwa, kavu, halina hata jani.

"Sitembei tena," akasema. "Mtu anakwenda kwa Mungu huku majirani wamemnunia? Anakwenda kuomba msamaha wa nini? Bora nibaki na pumzi zangu hizi." Akalia, shangazi yangu ambaye hata msibani halii ovyo, hungoja zamu yake.

Nilimwita yule binti. Nilifoka, wallahi. "Umemwandikia mtu dawa inayomtoa kwenye mtaa wake! Wewe ungeimeza?" Binti akatazama chini, kisha akasema taratibu, "Daktari, kwetu milimani ukiwa na mzigo kichwani husimami. Mnasalimiana huku mnapishana. Yeye anapanda, wewe unashuka, mnaulizana habari mpaka sauti zinaishia bondeni."

"Sasa mbona hukumwandikia hivyo?"

"Nilidhani ni ushamba."

"Ushamba ni kuununisha mtaa mzima. Simama, twende."

Tukaenda baraza kwa baraza. Binti akaomba radhi, akaeleza goti, sukari, Makka, na kile kiti cha magurudumu. Watu wakalainika. Akaja na ombi lake: bibi asalimie, lakini huku anakwenda, na pale anapoweza kuitikia ingawa anahema, tutajua mwendo ni wenyewe. Kile kipimo changu cha darasani, kakigeuza salamu! Nilifurahi, ila sikumwonyesha.

Mzee mmoja mnywaji kahawa hakufurahi. "Anisalimie anaenda zake? Hiyo salamu ya mwizi."

"Mzee wangu, tujaribu mara moja," binti akasema, na papo hapo akatembea mwenyewe, kasi, anatupa salamu kulia na kushoto kwa lafudhi yake ya Kishambaa. Baraza zikaangua kicheko. Salamu ilikuwa ndefu kuliko baraza moja, basi wakagawana. Nyumba ya kwanza ikauliza hali, ya pili watoto, ya tatu goti, na yule mzee akapewa heshima ya kuuliza la mwisho, safari. Akakubali, akajiweka vizuri kama hakimu.

Jioni ile bakuli likaja tena, limejaa samaki wa kupaka. "Nazi nimetia kidogo," jirani akasema mlangoni, "nimeambiwa una daktari mkali." Wakashikana mikono muda mrefu, wala hakuna aliyemwomba mwenzake radhi kwa mdomo.

Tangu hapo shangazi alikuwa na walimu mtaa mzima. Akipunguza mwendo, wanamtimua. Akijisahau akatua kusimulia, hawamjibu, wanapiga kelele wote, "Usisimame!" Mzee wa kahawa ndiye aliyezidi, alikuwa anamngoja amesimama na kikombe chake, na shangazi akipita anahema anamtangazia, "Leo umekula nini wewe? Rudi ukatembee tena!" Mwanzo walimgeuzia kwenye kona ya duka. Siku ya kwanza alipofika msikitini na kurudi akiitikia kila swali, akina mama walitoka na upawa mkononi, wakipiga vigelegele.

Safari ikafika, akaondoka. Hapo ndipo nilipokosa usingizi mimi, mwenye mdomo. Barabara ya Ngamiani si Makka, na umati ule si wa mchezo. Siku ya tatu ikaingia sauti yake kwenye simu yangu. Sikuifungua peke yangu. Nilimpitia binti, tukaenda Ngamiani, tukakaa baraza ya yule mzee, na watu wakajaa.

"Mwanangu," shangazi akasema, na nyuma yake kunasikika umati, "nimezunguka. Yote, na Safa na Marwa. Kwa miguu yangu." Watu wakaitikia Alhamdulillahi kwa pamoja. "Katikati pumzi ilitaka kunikimbia. Nikasema, ngoja nipite mtaani kwetu. Nikamwombea wa nyumba ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, hivyohivyo, kama ninavyopita asubuhi. Mtaa ukiisha naanza tena. Yule mzee na kahawa yake nimemwombea mara nyingi, anahitaji." Baraza ikacheka, mzee akajifuta macho na kofia. "Ile nyumba ya mwisho karibu na msikiti haina mtu siku hizi. Hapo nilimweka yule binti wa Lushoto."

Binti alikuwa ameshainuka, amesimama katikati ya barabara, mikono usoni. Na watu wa baraza zote, kutoka kona ya duka mpaka msikitini, wakampigia kelele: "Usisimame!"