Vikelele vya Upande wa Kushoto

"Nimesafisha," binamu yangu aliniambia huku akitabasamu, na mimi nikatamani niichukue ile kompyuta niibamize ukutani.

Tulikuwa kwenye ujia nje ya ukumbi wa harusi, kule Hail, alasiri. Mimi nimelivaa buibui upandeupande kwa haraka, yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki na kompyuta mapajani. Ndani, nyuma ya mlango uliotundikwa pazia zito, walikuwa wanawake peke yao, wamevua mabuibui yao, wamejipamba kila mmoja kwa kadiri yake. Ndiyo maana yeye alikuwa nje, ingawa bibi harusi alikuwa dada yake wa tumbo moja. Waya zilipita chini ya mlango. Kilichotokea ndani hakukiona hata kidogo. Aliona mistari tu inayorukaruka kwenye kioo cha kompyuta, na mistari hiyo ndiyo aliyoisafisha.

Lakini nikianza na hasira peke yake sitaeleweka. Nirudi nyuma.

Mama yangu ni mpiga ngoma. Katika ukoo wetu hakuna bibi harusi aliyetolewa mbele ya wanawake wenzake bila ngoma yake. Aliwapigia wadogo zake wote, akawapigia wapwa zake, akanipigia mimi. Ngoma yenyewe ni ndogo, ya kupakatwa, ilitoka Unguja pamoja na wazee wake walipohamia huku nchi za Kiarabu. Mkono wa kulia hupiga katikati na kutoa sauti nzito. Wa kushoto hupiga ukingoni, sauti nyembamba inayoingia kati ya zile nzito, na huo ndio uliokuwa ukiwainua watu vitini. Nilipokuwa mdogo aliniambia, "Wa kulia kila mtu anao. Huu wa kushoto ndo miye."

Kisha kiharusi kikaja, kikachukua upande huohuo. Mguu ulirudi. Ulimi ulirudi. Mkono ukarudi nusu: unagusa, unashika kikombe kitupu, lakini haupigi.

Ugonjwa sikuukasirikia, maana nitamkasirikia nani? Nilichokasirikia ni upole. Mama yangu alikuwa mkali, mtu wa kumrudishia muuza samaki samaki wake kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Baada ya kuugua akawa mtu wa kuomba radhi. Samahani mwanangu, nnakusumbua. Samahani, nimemwaga. Samahani, nimechelewa kuinuka. Jamaa wakija kumtazama, wakitoka mlangoni wananinong'oneza, "Mashaallah, ametulia." Ametulia! Nilikuwa nikifunga mlango kwa nguvu makusudi.

Basi khalti, mdogo wake mama, alipokuja kwetu Darsait kutuarifu harusi ya bintiye, akasema kwamba safari hii watatumia muziki wa kurekodiwa ili mwenzetu apumzike. Alilisema mbele ya mama, na mama akaitikia kwa kichwa. Nikajikuta nimesema, "Mama atapiga." Khalti akanitazama kama niliyetukana. Mama akautazama mkono wake.

Kazi yangu ni kupima masikio hospitalini. Namkalisha mtu kwenye chumba kisichopitisha sauti, namvisha vipokea sauti, kisha nateremsha mlio kidogo kidogo mpaka niupate ule mdogo kabisa anaoweza kuusikia. Hapo ndipo panapoitwa kizingiti. Siku nzima natafuta vitu vidogo. Nikafikiri: mkono wa mama haujafa, ni sisi tu ndio hatuusikii. Na vifaa vya kuusikia vipo.

Nikaviagiza. Kihisio ni kidude cha ukubwa wa sarafu. Unakibandika kwenye ngoma, kinahisi mtikisiko, kinapeleka habari kwenye kompyuta, na programu inajibu kwa kutoa sauti ya ngoma uliyoiweka humo kabla. Ukigusa kidogo unaweza kuiambia itoe sauti kubwa. Nilihitaji viwili, kimoja cha mkono wa kulia katikati, kimoja cha kushoto ukingoni.

Sauti sikutaka za kununua. Nilitaka za ngoma yake mwenyewe. Ngozi ya ngoma ikipoa hulegea, na zamani waliikausha kwa moto wa makuti. Mimi ninaishi ghorofani, makuti nitayawasha wapi? Nikaiweka kwenye boneti ya gari, saa saba ya mchana, mwezi wa Julai. Dakika chache ikawa imekaza mpaka inalia kwa kidole. Nikapanda nayo ngazi mbio kabla ya kiyoyozi kuiharibu, nikawasha maikrofoni, nikapiga pigo moja moja, dogo, la kati, kubwa, na mama amekaa pembeni akisahihisha.

"Huo mkono wa kukandia unga," alisema. "Legeza kifundo."

Nikalegeza. Akasema bado. Nadhani siku hiyo tulifika mapigo mia kabla hajaridhika, na shuka tulizotundika madirishani kuzuia kelele za karakana ya chini zilitupikia joto humo ndani. Sikujali. Alikuwa ananigombeza kidogo.

Shida ikawa nyingine. Mkono wa kulia ukipiga, ngoma nzima hutikisika, na kihisio cha kushoto kikadhani nacho kimepigwa. Mtikisiko huo wa uongo ulikuwa na ukubwa uleule wa mguso wa mama. Kompyuta haikujua kutofautisha. Dawa ya kawaida ni kupandisha kizingiti, yaani kuiambia programu ipuuze kila kitu kilicho chini ya kiwango fulani. Lakini nikikipandisha, mama naye anapuuzwa. Wiki tatu nilihangaika. Mwishowe nikakata soli ya kandambili, nikakikalisha kihisio cha kushoto juu ya ule mpira, peke yake, mbali na ubao wa ngoma. Uongo ukakoma. Nikateremsha kizingiti mpaka karibu na sifuri.

Na ngozi niliitoa. Hili nalikiri, maana ni kosa langu. Spika za ukumbini zingeitikisa na kuidanganya kompyuta tena, nikaogopa, nikaweka wavu laini wa plastiki usiotoa sauti yoyote. "Na ngozi yangu?" mama aliuliza. Nikamwambia nimeihifadhi kabatini.

Siku ya kujaribu alikalia mkeka, akapakata ngoma. Kulia. Kisha kushoto, akagusa ukingo kama anayefuta vumbi. Spika ikatoa ile sauti nyembamba, kamili. Akaushika mdomo kwa mkono wa kulia. Akagusa tena. Ngoma ikaitika tena. Tukacheka wote wawili mpaka machozi.

Nilimpa binamu yangu kazi moja tu. Ana uzoefu, huwapangia watu spika kwenye sherehe. Nikamwambia, "Wewe angalia kompyuta isizimike. Usiguse kitu." Akasema, "Hadhir, dada, sigusi." Sikumwambia kwa nini. Sikumwambia kwamba mkono wa kushoto wa mama ni mdogo kiasi gani kwenye ile mistari. Niliona haya. Sikutaka mtu yeyote ajue.

Ukumbini bibi harusi alitokea, vigelegele vikapanda, mama akaanza. Kwa dakika nzima sauti zote mbili zilikuwepo, na nikawaona wanawake wa makamo wanaanza kuinuka vitini, wanatazamana, wanakumbuka. Kisha ile nyembamba ikakatika. Mkono wa mama ulikuwa bado unakwenda, niliuona kwa macho yangu, ukingoni, pigo kwa pigo. Sauti hakuna. Nzito peke yake ikawa inabisha katikati ya ukumbi. Wavu haukutoa hata mnong'ono.

Mama hakuitazama spika. Hakunitazama mimi. Aliutazama mkono wake. Akapiga tena kidogo, akingoja. Halafu akauinua, akauweka pajani, akaufunika kwa kanga, akaendelea na wa kulia mpaka mwisho wa wimbo. Wanawake wakapiga makofi kwa nguvu ili kuziba pengo, kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko kama wangemzomea. Yeye akamtabasamia bibi harusi.

Hapo ndipo nilipotoka mbio.

"Nimesafisha," akasema. "Upande wa kushoto kulikuwa na vikelele vidogo vidogo, nikadhani bangili za watu, au mkoba umegusa waya. Nikapandisha kizingiti. Khalas, sasa safi."

"Hivyo vikelele," nikamwambia, "ni mama yangu."

Tabasamu likamtoka. Akaanza kuapa kwamba hakujua, kwamba wallahi alidhani anasaidia, kwamba kwenye vipokea sauti ilisikika vizuri zaidi. Nilimwita mpumbavu. Nilimwita mengine pia, na mhudumu aliyekuwa akipita na sinia la sharubati akageuka akarudi alikotoka. Nilikuwa na haki, na hata hivyo nilijua kwamba nusu ya maneno yale yalinistahili mimi. Nani aliyetoa ngozi? Nani aliyeficha? Kama ningemwambia neno moja, asingegusa. Kujua hivyo hakukunipunguzia hasira, kuliizidisha.

Tukiwa garini kurudi Darsait, mama akasema, "Mkono umekataa. Basi, alhamdulillahi, nilijaribu. Samahani mwanangu, nimekutia aibu mbele za watu."

"Si mkono, Mama. Ni kompyuta. Binamu aliizima sauti."

"Usinibembeleze kama mtoto. Nliuona."

"Mama, yule mjinga huko nje alidhani ni kelele, akabonyeza—"

"Usimtukane mtoto wa watu. Mkono umekataa."

Toka siku ile aliacha mazoezi. Sponji aliyokuwa akiibinya asubuhi na jioni ikakauka dirishani. Mkono wa kushoto ukawa unashinda chini ya kanga. Chakula alikula kwa adabu, alishukuru, aliomba radhi. Sasa nikawa nimemkasirikia na yeye. Nilimwambia hivyo, siku moja jikoni, kwa sauti niliyoijutia. Akasema samahani.

Siku ya tano nilikuwa kazini, nimemfungia mzee mmoja kwenye chumba cha kupimia, nateremsha mlio. Akainua kidole kuonyesha kwamba anasikia, kwenye kiwango ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sikisikii. Nikabaki na mkono kwenye kitufe. Kizingiti kinazuia sauti isitoke. Hakifuti kilichoingia. Programu ile, kama imewekwa kurekodi, huweka kila mtikisiko wa kihisio kama ulivyofika, kabla ya kuchuja chochote.

Nilimpigia binamu yangu. Tulikuwa hatujasemezana. "Ulirekodi?"

"Nilirekodi yote, dada."

"Niletee faili." Sikusema ahsante. Aliendesha gari kutoka kwao Ansab saa hiyohiyo, akaniachia kwa bawabu, hakuthubutu kupanda.

Baada ya alasiri nikaweka kahawa na tende mbele ya mama, nikafungua kompyuta mezani. Nikateremsha kizingiti mpaka pale nilipokuwa nimekiweka mwanzo. Sikumweleza kitu, maana maelezo alikwisha kuyakataa. Nikaiacha ipige.

Zikaja zote mbili. Nzito, na kati yake nyembamba, ikikimbia, ikichelewa makusudi, ikidakia. Mama akaacha kutafuna.

"Huyo nani?"

"Wewe. Siku ya harusi."

"Hii ya pembeni naiuliza."

"Mkono wako wa kushoto."

Hakuniamini, niliona. Akasikiliza akiwa amekunja uso, anatafuta ujanja wangu uko wapi. Wimbo ukaendelea kupita pale palipokatika ukumbini, na ile nyembamba haikukatika. Pigo, pigo, pigo. Kisha mapigo mawili yaliyoachana, ya kuulizia. Kisha kimya, nzito peke yake.

"Simamisha," akasema.

Nikasimamisha.

"Hapa ndo nilipouweka chini." Aliutoa mkono chini ya kanga, akauweka mezani, akauangalia. "Miye nliuweka. Haukukataa."

"Haukukataa, Mama."

"Rudisha."

Nikarudisha. Akaisikiliza mara tatu, na mara ya tatu vidole vya kushoto vilikuwa vinafuatisha kwenye ukingo wa meza. Nilidhani atalia. Badala yake nikaona shingo inavimba, nyusi zinashuka, sura ambayo sikuwa nimeiona tangu kabla ya ugonjwa.

"Alaa! Kumbe nlikuwa napiga!" akasema. "Napiga, watu wameinuka, halafu likae toto huko nje lisiloona mbele wala nyuma liamue kwamba miye ni kelele? Nani kamwambia aniguse? Na weye! Weye nani kakwambia unitolee ngozi yangu? Ngozi ikae kabatini, nipige wavu wa kuvulia dagaa? Ngozi ingelia hata kidogo, ningejua! Leo hii uirudishe. Na nipe simu."

Nikampa simu. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, ikamtetemeka, hakuibadilisha mkono. Binamu yangu aliitika haraka, kwa sauti ya unyenyekevu, na mama hakumruhusu hata kumaliza salamu.

Aliongea robo saa. Nikaketi nikamsikiliza akimfokea mtoto wa watu, neno kwa neno, na ngoma nimeipakata, naanza kufungua kamba za wavu.