Vitumbua Vilivyokunywa Petroli

Vitumbua vya Bi Nunu wa Abu Hail, Dubai, ni vyepesi hata akiviepua hulazimika kuvifunikia kawa upesi, visije vikapaa dirishani vikaenda kuliwa Sharja. Iko siku kimoja kilimponyoka, na inasemekana shakwe wa hori ya Khor wanakitafuta mpaka leo.

Alikuja Dubai kutoka Unguja akiwa mwari wa juzi, na chuma chake cha vitumbua ndani ya sanduku, kimefungwa kanga mbili kisivunje vijiti vya udi. Mumewe, Mzee Sharifu, alimaliza ujana wake wote bandari ya Hamriya akisimamia shehena za kwenda Afrika: friji, magodoro, mchele, matairi. Mwenyewe hujisifu kwamba hapana tairi lililofika Zanzibar wala Mombasa ila alilipapasa yeye kwanza. Watoto wao walikua wakahama, na Talal, kifungua mimba, yuko Abu Dhabi. Nyumbani wamebaki wazee wawili, paka mmoja mwenye kiburi, na Bi Arusi.

Bi Arusi si mtu, ni gari. Saluni nyeupe ya Kijapani, kuukuu lakini inang'aa. Mzee Sharifu aliipa jina hilo kwa kuwa ni nyeupe, na kwa kuwa haionyeshwi jua. Kila ikirudi safari huingizwa chini ya banda la turubai ikafunikwa shuka lake, kama mwari anayengoja kutolewa nje.

Kwa Bi Nunu mwaka una misimu miwili tu: wa kujificha na wa kutembeleana. Kiangazi ni cha kujificha. Mwezi wa nane jua la Dubai huwaka hata paka wao akivuka njia hukanyaga kwa miguu miwili, miwili mingine akiipumzisha hewani. Lakini Januari! Januari huja ile baridi ya kumfanya Mzungu avue shati na Mswahili avae soksi mbili, na hapo milango hufunguka. Kila asubuhi Bi Nunu hupakia kikapu chake cha vitumbua vya moto, akashika usukani mwenyewe, maana leseni anayo tangu Talal yuko chekechea. Huenda kwa Bi Tufaha, mtaa wa pili. Anazima gari, anaingia, anakunywa chai, anapokea habari. Anatoka, anawasha, anakwenda kwa Bi Mawadda nyuma ya msikiti. Anazima tena. Habari zilizopokewa kwa Bi Tufaha zinakabidhiwa kwa Bi Mawadda zikiwa zimeongezwa chumvi, na gari linawashwa kuelekea nyumba ya tatu.

Ila baridi hiyohiyo inayowatoa watu nje ndiyo inayoua hamira. Unga wa mchele uliosagwa na tui hutaka joto ndipo uumuke. Jiko la Bi Nunu lina vigae sakafu na ukuta, na asubuhi ya Januari ni kama ndani ya mtungi. Aliufunika unga blanketi, ukalala usingizi. Akautia kwenye oveni, ukaiva pembeni na katikati ukabaki mbichi. Vitumbua vya wiki ile vilitoka vizito. Kimoja kilimdondokea paka, akachechemea siku tatu.

Ndipo akakumbuka kwamba Bi Arusi ana hita.

Tangu hapo, Mzee Sharifu akishatoka kwenda kuswali alfajiri, Bi Nunu alikuwa akilibeba beseni la unga hadi bandani, akaliweka mbele ya kiti cha abiria pale hewa ya miguu inapotokea, akawasha gari na kufungulia hita mpaka mwisho. Gari likanguruma pale pale lilipo, na yeye akarudi zake kuvuta uradi. Mzee Sharifu akishaswali hukaa barazani kwa msikiti na wazee wenzake mpaka jua lichomoze, kwa hiyo hakuwahi kusikia kitu. Akirudi gari limezimwa, shuka limetandazwa, na mezani pana vitumbua vilivyotuna kama mashavu ya mtoto wa tajiri.

"Hivi vya mwaka huu umevitia nini, Mama Talal?" aliuliza siku moja, mdomo umejaa.

"Subira," alisema Bi Nunu.

Wiki hazikuwa nyingi, Mzee Sharifu akaanza kuinama mbele ya mshale wa petroli kama tabibu anayemsikiliza mgonjwa kifua.

"Mama Talal, Bi Arusi anakunywa."

"Astaghfirullah! Anakunywa nini?"

"Petroli, mwanamke! Kiangazi kizima kiyoyozi kinavuma kama tufani, na hakunywa hivi. Sasa kiyoyozi tumekizima, ilikuwa apunguze. Mbona ameongeza?"

"Labda baridi imemtia njaa. Hata wewe siku hizi unakula vitumbua vinane."

Mzee hakucheka. Kwake yeye gari lile lilikuwa ushahidi wa utu wake: mtu anayejua kutunza kitu. Alishawatangazia wazee wa barazani kwamba Bi Arusi huenda Abu Dhabi na kurudi kwa harufu ya petroli tu. Sasa gari lilikuwa linamwaibisha. Kwanza akashuku mwizi, akalifunga tangi kwa kofuli. Mshale ukazidi kushuka. Akashuku jini. Alasiri moja Bi Nunu alimkuta bandani ameshika chetezo kinachofuka moshi, makaa mekundu ndani, amekisogeza kwenye mdomo wa tangi lililo wazi.

"Sharifu!" Alikipokonya kile chetezo kwa kasi ya msichana wa miaka kumi na sita. "Unataka turuke sote? Wewe utue Ajman, mimi nitue wapi?"

"Namfukiza jini anayekunywa."

"Huyo jini angekukuta mbinguni, wewe umefika kabla yake!"

Mzee akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Uso ulikuwa umemshuka.

"Basi namuuza. Nimeshazungumza na Bwana Thamer wa Ras Al Khor, yule anayenunua magari kuukuu akayakata kwa vipuri. Kesho namkabidhi. Talal atakuwa anakuja Ijumaa kututembeza."

Bi Nunu alisimama na kile chetezo mkononi, moshi unamwingia machoni, na hakuupepea. Talal akija Ijumaa moja kati ya tatu, ndiyo bahati. Bila Bi Arusi hapana kikapu, hapana chai kwa Bi Tufaha, hapana habari kwa Bi Mawadda. Januari ingegeuka mwezi wa nane, tofauti soksi tu. Akisema ukweli, mumewe ataficha ufunguo, na safari zote zitakwisha vilevile. Akinyamaza, Bi Arusi atakatwa viungo mbele ya macho yake.

"Hata maiti haizikwi mpaka daktari aseme imekufa," alisema mwishowe. "Mpeleke kwa Muzamiru kwanza amtazame. Na mimi nakuja."

Muzamiru ni fundi Mganda, mtu wa Jinja, kijana mrefu sana. Inasemekana hutengeneza malori kwa kuinama kutokea juu. Gereji yake imepakana na uwanja wa Bwana Thamer, na asubuhi ile Thamer mwenyewe alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha plastiki, anaitazama milango ya Bi Arusi kama mchinjaji anavyomtazama mbuzi.

Muzamiru akazunguka gari, akalipiga teke tairi la mbele, akatikisa kichwa.

"Mzee, hizi tairi uliweka upepo lini?"

"Mwezi wa nane."

"Basi. Ule upepo wa joto, baridi ikija unasinyaa. Tairi imelegea. Gari inakuwa kama mtu anakimbia kwa ndara kwenye mchanga. Lazima itachoka, lazima itakula sana."

Bwana Thamer akapasuka kicheko. "Sharifu wa Hamriya! Umepapasa matairi ya Afrika nzima, ya kwako yakakushinda?"

Mzee akajifanya kukohoa. Muzamiru akafungua mlango, akaketi ndani, akanusa.

"Mbona gari inanukia iliki?"

Akaingiza mkono chini ya kiti cha abiria, akautoa na gamba jeupe lililokauka, limejikunja kama ganda la embe. Siku moja unga ulikuwa umeumuka kwa furaha mno ukamwagika, na Bi Nunu alidhani ameufuta wote. Muzamiru akalitazama lile gamba. Akamtazama Bi Nunu. Bi Nunu alikuwa anatazama kreni moja ya mbali, kwa hamu kubwa, kama anayetaka kuinunua. Fundi akalifunga gamba ndani ya kitambaa chake cha grisi, akalitia mfukoni.

"Huyu kijana ana mama aliyemlea," Bi Nunu aliwaza.

"Asubuhi gari inaenda wapi?" Muzamiru aliuliza.

"Hapahapa tu," alisema Mzee Sharifu. "Bi Nunu anazungukia mashoga zake. Hata mtoto anatambaa anafika."

"Hiyo sasa ndiyo mbaya zaidi. Sikia, mzee. Asubuhi ya baridi oili ni nzito, injini imelala. Ikiwa imelala inataka petroli nyingi ili iamke, ndiyo ipate moto. Ikishapata moto, inakula kidogo. Sasa mama anaenda mtaa wa pili, anazima. Anakunywa chai. Injini inapoa. Anawasha tena, inaanza upya. Na msimu huu Dubai imejaa wageni, kila taa ni simama twende. Hii gari haijapata moto vizuri barabarani tangu Desemba."

Bi Nunu akasahau ile kreni.

"Kumbe ni kitumbua cha kwanza!"

"Nini?" Wanaume watatu wakamgeukia.

"Chuma kikiwa baridi, kitumbua cha kwanza kinanyonya mafuta yote, kinaganda, hakitoki. Hicho si cha kuliwa, ni cha kukitia chuma moto. Cha pili na cha tatu ndiyo vinateleza vyenyewe. Sasa mimi nyumba hii nimetia kitumbua cha kwanza, nimeepua chuma. Nyumba ile, cha kwanza tena. Asubuhi nzima nakaanga vya kwanza tu!"

"Wallahi mama, umesema kunishinda," alisema Muzamiru.

Mzee Sharifu alifikiri, mkono kidevuni. Kisha akatikisa kichwa. "Haya, matairi yangu. Haya, nyumba za mashoga. Lakini tangi linakwisha kama limetobolewa! Pana kitu kingine."

"Inaweza kuwa pana," alisema fundi akiangalia dari. "Mimi sijaona."

"Basi khalas. Siwezi kufuga kitu nisichokielewa." Mzee akautoa ufunguo mfukoni, akamnyooshea Thamer. Vidole vilikuwa havijauachia, na Bi Nunu akaviona. Thamer akainuka kitini.

"Usichukue huo ufunguo, Bwana Thamer," alisema Bi Nunu. "Sharifu, ni mimi."

"Wewe umefanyaje?"

"Ni mimi jini lako. Ukienda kuswali namwasha Bi Arusi, namfungulia hita, naumulia unga wa vitumbua ndani. Kila siku. Mpaka unakaribia kurudi."

Hata mtu aliyekuwa akigonga bati uwanja wa pili akaacha, kama naye alikuwa anasikiliza. Muzamiru akatoa kile kitambaa mfukoni, akamrudishia Bi Nunu gamba lake kwa adabu.

"Injini inanguruma, gari haiendi popote," alisema taratibu. "Hiyo petroli inaisha bila hata kilomita moja, mzee. Sasa hesabu imetimia."

Mzee Sharifu alikuwa ametumbua macho. Uso wake ulipita hasira, ukapita mshangao, ukakwama mahali.

"Vile vitumbua vya Januari," alisema. "Vile vilivyotuna."

"Ndiyo hivyo."

"Vinane kila asubuhi."

"Jana tisa."

Mzee akaurudisha ufunguo mfukoni, polepole, akaupigapiga kwa juu.

"Kumbe jini ni mimi," alisema. "Bi Arusi hakuonja hata tone. Petroli yote nimeila mimi na chai!"

Thamer alicheka mpaka kiti cha plastiki kikapasuka mguu, naye akabaki chini anacheka. Muzamiru akajaza matairi upepo, na kabla hawajaondoka akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: "Mama, hii rangi haijaona jua. Mbona gari mnaiweka kivulini wakati wa baridi? Ukiiacha juani, vioo vimefungwa, ndani ni oveni. Bure."

Bi Nunu akamtazama mumewe. Mumewe akatazama ile kreni.

"Rangi itapauka," alinong'ona.

"Sharifu, sisi wenyewe tumepauka."

Siku hizi Bi Arusi hutolewa nje ya banda mchana, bila shuka, mbele ya watu wote. Beseni la unga hukaa nyuma ya kioo cha mbele, na unga huumuka kwa jua la Mwenyezi Mungu bila injini kunguruma. Mzee Sharifu huketi kando yake kwenye ile ndoo kumfukuza paka, na akiulizwa na wapita njia anafanya nini, hujibu kwamba anachunga. Vitumbua vimehamia alasiri. Bi Tufaha na Bi Mawadda walinuna kidogo, kisha wakaona chai ya alasiri nayo ni chai. Bi Nunu naye haendi tena nyumba moja moja: huwapitia mashoga zake wote kwa mzunguko mmoja bila kuzima, akawapakia, wakaenda kukaa bustanini karibu na maji, na habari wakapeana ndani ya gari lenye moto.

Mshale wa petroli umetulia. Barazani kwa msikiti Mzee Sharifu ameanza tena kutangaza kwamba gari lake huenda Abu Dhabi kwa harufu, na safari hii anaongeza kwamba ni harufu ya iliki.

Na kitumbua cha kwanza, kile kinachonyonya mafuta na kugandia chumani, Bi Nunu hukibandua kwa kijiko, akakiweka kwenye kisahani na kumpelekea mumewe ndooni.

"Cha jini hicho," humwambia, naye hukila chote.