Wifi Aliyekiri Hasira Yake

Mama yangu alianza kupotewa na akili katika miaka ya sabini, lakini sisi hatukuona kwamba anasahau. Tuliona kwamba anaibiwa. Sukari ilipotea, kisu kikapotea, kitenge chake cha kanisani kikapotea, na kila kilichopotea mwizi wake alikuwa mmoja: mke wa kaka yangu, aliyeishi naye nyumba moja huko milimani, juu ya Mwatate.

Kaka alifanya kazi bandarini Mombasa na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Voi, sijaolewa, na nilipanda mlima Jumamosi mbili kwa mwezi nikiwa na mikate miwili na maagizo mengi. Wifi alikuwa mtu wa Rukanga, chini ya mlima wa Kasigau, mwanamke wa maneno machache, na alikuwa na binti mmoja wa miaka sita. Yeye ndiye aliyempikia mama, akamwogesha, akamfulia. Kazi yangu mimi ilikuwa kufungua kabati na kuuliza sukari iko wapi.

Ukiniuliza kwa nini tulimwamini mama, nitakwambia kwamba hatukuwa na sababu ya kutomwamini. Watu wakigombania mpaka wa shamba walimwita yeye aseme alichokiona, na alichosema ndicho kilichofuatwa, hata kama kilimuumiza jamaa yake. Aliongoza akina mama kanisani kwa miaka mingi. Mtu kama huyo akisema ameibiwa, nani atafikiri kwamba kisu amekiweka yeye mwenyewe chini ya godoro?

Kisha tabia yake ikabadilika mpaka tukaanza kuona haya. Mama ambaye hakuwahi kutamka neno chafu alimtukana mchungaji katikati ya mahubiri, na watoto wakacheka. Alikataa kuoga, akavaa gauni tatu moja juu ya nyingine. Kila jioni jua likielekea nyuma ya mlima alifunga mzigo wake na kusema anarudi kwa baba yake, mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Wifi alimshika mkono, wakatembea pamoja hadi kijitoni, wakageuka, wakarudi. Walifanya hivyo kila siku ya Mungu, na mimi sikuwahi hata mara moja kutembea nao.

Siku moja mama alimpiga wifi na mwiko juu ya jicho. Nilipofika nilikuta kidonda bado kibichi. Sikumpa pole. Nilimuuliza, "Wifi, kwani umemfanya nini mpaka akakasirika hivi?" Akaendelea kupepeta mahindi.

Baadaye mama akaanza kukataa chakula. Alikitema na kusema, "Huyu amenitilia dawa." Alikonda, mifupa ya mabega ikajitokeza, na wanawake wa mlimani wakaanza kumsalimu wifi kwa mbali. Hapo baba mdogo, aliyekuwa mkubwa wa ukoo baada ya baba kufa, akatuita sote tukutane uwanjani.

Kwetu Taita wazee walijua kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa mtu wa karibu inaweza kumlaza mwingine kitandani. Tiba yake inaitwa kutasa. Unajaza mdomo maji ya muwa, unayapuliza nje, na unasema wazi ulilokuwa nalo moyoni ili litoke. Ukishalisema limekwisha, na hakuna ruhusa ya mtu kukurudishia neno hilo tena. Tulikuwa Wakristo, ndiyo, na wazee wawili wa kanisa walikuwapo siku hiyo wakijifanya wamepita njia tu.

Kaka alianza. Akapuliza, akasema hana neno. Zamu yangu ikafika. Nilipuliza maji yale vizuri sana, kama mtu wa kanisa, nikasema, "Mimi sina hasira na mama yangu." Uongo mtupu. Nilikuwa na hasira naye kwa miaka kumi na miwili, tangu alipomfukuza mchumba wangu kwa sababu alikuwa mtu wa bara, na sikupata mwingine. Nilikuja na mikate ili isionekane ninavyomchukia. Lakini nilikuwa mwalimu, na watu walikuwa wananitazama.

Wifi akapokea kibuyu cha maji yale. Akasema, "Mimi ninayo. Mama alinipiga mbele ya mtoto wangu, nikakasirika. Ananiita mwizi kwa majirani, ninakasirika. Juzi nilipokuwa namwosha alinitemea mate usoni, nikasema moyoni, heri afe apumzike na mimi nipumzike. Hiyo ndiyo hasira yangu. Leo itoke." Akapuliza maji chini. Baba mdogo akasema amefanya vyema, na kwa desturi yetu mambo yalipaswa kuishia pale.

Mama hakupona. Wiki zilipita, akazidi kukonda na kupiga kelele. Watu wakaanza kutafuta sababu nyingine, na hawakuenda mbali. Laiti ningeweza kusema kwamba walioanza ni majirani. Ni mimi. Nilikuwa nimekaa na akina mama baada ya ibada, wakauliza hali ya mgonjwa, nikajibu, "Si mlisikia wenyewe? Alisema alitaka mama afe." Sikuongeza kwamba amekwisha kuitoa hasira hiyo. Sikuongeza kwamba aliyesema ukweli pale uwanjani alikuwa yeye peke yake. Kabla ya jioni maneno yangu yalikuwa yamezunguka mlima mzima.

Mwisho wa mwezi kaka alikuja akamwambia wifi arudi kwao Rukanga. Mtoto alibaki, maana mahari ilikwisha kulipwa na mtoto ni wa nyumba ya baba. Nilikuwapo. Nilimshika yule binti mkono huku akilia na kujivuta. Wifi alibeba sanduku lake la bati kichwani, akasimama mbele yangu. Nilingoja matusi. Akaniambia, "Wifi, uji wa mama usiwe moto. Hajui tena kupoza, anaungua mdomo." Halafu akateremka.

Nikawachukua mama na mtoto, wakaja kukaa nami Voi katika nyumba ya mwalimu. Hapo ndipo nilipojifunza kazi ambayo nilikuwa nikiikagua. Nilifua mashuka asubuhi kabla ya kengele ya shule. Nilifunga mlango kwa kamba ili asitoke barabarani. Nilimpiga kofi mara moja, na ninaliandika hapa kwa sababu lilitokea. Kabla ya miezi miwili kwisha, nilirudi kutoka shuleni nikamkuta uani na jirani yetu, mama mmoja Mkamba aliyeuza mboga sokoni. Mama alikuwa ameninyooshea kidole. "Huyu mwanamke simjui. Ni mwizi. Ananitilia dawa kwenye uji."

Maneno yalikuwa yale yale, hata sauti ilikuwa ile ile.

Jirani akanishika bega. "Mwalimu, usijali. Baba yangu pia alikuwa hivyo. Alisema mamangu ni polisi amekuja kumshika. Ni kichwa tu, kimechoka." Nilimpeleka mama hospitalini, na daktari akaniambia jambo hilo hilo kwa maneno ya kidaktari: ubongo wake unachakaa, hakuna aliyemfanya hivyo, hakuna dawa. Akaongeza kwamba wagonjwa kama hawa mara nyingi humshuku yule anayewatunza, kwa sababu ndiye aliye karibu. Nilishukuru kwa adabu. Nje nilikaa kwenye benchi nikalia mpaka mama akaanza kunicheka. Nilikuwa nimevunja nyumba ya mtu kwa ulimi wangu.

Likizo ilipofika nilimwachia jirani mama na mtoto, nikapanda basi hadi Maungu, na kutoka pale nikapata lori la kwenda Rukanga. Wifi alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba ya mama yake akipukusa mbaazi. Nilimweleza yote: daktari alivyosema, maneno yangu baada ya ibada, hata mchumba wangu na hasira niliyoificha. Aliendelea kupukusa mpaka nilipomaliza.

"Wifi," akasema, "mbona unaniomba msamaha hapa, mbele ya mbaazi? Ulinisema mbele ya watu. Kawaambie hao watu."

"Nitawaambia. Na kaka nitamwambia akurudishe."

"Kaka yako amekwisha kuoa mwingine, na sitaki kurudi kwake. Nataka mtoto wangu asikie. Anakua akijua mimi ni mchawi."

"Nitasema. Watu wote wakikusanyika, nitasema." Hakuuliza ni mkusanyiko gani. Sote wawili tulijua.

Mama alifariki miaka miwili baadaye. Mwisho alikuwa amesahau hata kumeza. Tulimzika mlimani, na watu walijaa mpaka kwenye mashamba ya ndizi. Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, nilipewa kusoma historia ya maisha yake. Nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi mbili, na sehemu ya chini ya karatasi ya pili niliandika kuhusu wifi, mistari sita, nikaisoma mara nyingi nyumbani mpaka nikaikariri.

Alikuja. Alisimama pembeni na wanawake wawili wa kwao, amejifunga leso safi kichwani. Nilisoma mama alivyozaliwa, alivyobatizwa, alivyoongoza akina mama. Nilipofika kwenye ile mistari sita niliinua macho. Nilimwona baba mdogo, wazee wa kanisa, mwalimu mkuu wangu, wazazi wa watoto ninaowafundisha. Nikafikiri: leo watajua kwamba ni mimi. Nikakunja karatasi, nikaomba tuimbe. Wifi alingoja mpaka wimbo ukaisha, akageuka, akateremka mlima na wenzake bila kuonja chakula.

Binti yake alikuwa na miaka tisa sasa. Alikuwa amemwona mama yake, na hakwenda kumsalimu. Alasiri alinifuata jikoni, nilikokuwa nimekaa na akina mama tukimenya ndizi.

"Shangazi," akauliza, "ni kweli mama ndiye aliyemtilia nyanya dawa?"

Wale wanawake waliacha kumenya. Walikuwa ndio wale wale wa siku ile baada ya ibada, na wote walikuwa wananingoja. Nikampa mtoto ndoo, nikamwambia akachote maji.