Ndoano za Baba Mkwe

Siku hizi nanunua ndoano pakiti nzima pale Dodoma mjini, zimechongoka tangu kiwandani, na bado siitupi hata moja majini kabla ya kuikwaruza kwenye ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, haifai. Iking'ata, twende kazini. Nilifundishwa na marehemu baba mkwe wangu, aliyeishi karibu na bwawa la Hombolo.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Samaki nilimjua akiwa tayari kwenye sahani. Mzee alinicheka mpaka basi. "Taya la kambale ni mfupa mtupu, mkwe," aliniambia. "Ndoano butu ataichezea tu, kisha aiteme." Kila Jumamosi nikitoka Chimwaga ninakofanya kazi, nilimkuta kibarazani na tupa yake ndogo, akinoa ndoano. Shamba alikuwa amewaachia wanawe, miguu imechoka. Kunoa ndiko kulikobaki kumpa heshima, na hakuruhusu mtu kuzigusa ndoano zake, hata binti yake, mke wangu.

Sasa, mkweo akikukabidhi ndoano, utaijaribu mbele yake? Kwetu hilo ni tusi. Nilikuwa naipokea kwa mikono miwili, nafunga, natupa.

Jumamosi moja tulikwenda bwawani pamoja, taratibu, mzee akaketi ukingoni karibu nami; kambale mkubwa akavuta mpaka mshipi ukanikata kiganja. Nikamleta hadi kwenye matope, nikaona masharubu yake, halafu mshipi ukalegea. Akaenda zake. Nikaikamata ndoano, nikaipitisha kwenye ukucha. Iliteleza. Nikaitazama vizuri: tupa ilikuwa imekwaruza ubavuni, ncha haikuguswa kabisa.

Hapo nikaelewa kwa nini siku hizo alisubiri kwanza nimwamkie ndipo ajue ni mimi. Mzee alikuwa haoni. Niliumia sana, maana akinyang'anywa ile tupa atabaki na nini?

"Imekuwaje?" akauliza.

"Nimevuta mapema, baba. Pupa yangu tu."

"Ndoano uliijaribu?"

"Niliijaribu. Ilikuwa kali."

Aliupapasa mshipi hadi akaifikia ndoano. Akaikwaruza kwenye ukucha wake, mara moja, mara mbili. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mkwe," akasema, "heshima unayo, ila uongo huuwezi. Tangu kiangazi kianze naona ukungu tu. Binti yangu nitamwambia mwenyewe." Akatoa tupa mfukoni, akanipa. "Noa wewe. Na uniambie maji yamefika wapi."

Nikanoa huku machozi yakinitoka, nikimweleza kwamba maji yamerudi nyuma ya mawe, ng'ombe wanakunywa upande wa pili, na kuna ndege weupe wawili, yangeyange, karibu nao. Alikuwa akiitikia kila nilichosema, anatabasamu, uso ameuelekeza vichakani, bwawa likiwa upande mwingine.