Rilei ya Honi

Mama alifariki Iringa kabla ya alfajiri, na saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshaipita Uyole, peke yangu kwenye gari. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba mazishi ni baada ya swala ya adhuhuri. Sisi Waislamu hatumlazi maiti bila sababu. Mimi ndiye mtoto wake pekee wa kiume, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kuingia kaburini nimpokee kwa mikono yangu. Nilimwahidi hivyo tangu akiwa mzima, naye akanicheka, akasema nisije nikamwangusha kwa kitambi hiki.

Gari lilizimika kwenye misonobari, kilomita chache kabla ya Mafinga, saa tano kasoro. Halikukohoa, halikutoa moshi. Nililiachia likajiserereza hadi pembeni. Nikizungusha ufunguo, stata inazunguka vizuri, lakini injini haishiki.

Msidhani mimi ni mgeni wa mambo ya boneti. Nina duka la vipuri Soweto, kule Mbeya. Kila wiki huja mtu akitaka kununua kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wetu wote huiita kontroboksi, kwa sababu ameambiwa yake imekufa. Mimi humfukuza. "Rudi kwanza ukajaribu rilei ya honi," namwambia. Rilei ni kaswichi kadogo ka plastiki kanakopitisha umeme kwenda kwenye kompyuta. Kakiharibika, kompyuta inakosa umeme na kila mtu anaiona maiti. Rilei ya honi mara nyingi inafanana nako, kwa hiyo unabadilisha tu ujue mbivu na mbichi. Mafundi wa Soweto wamenichoka kwa wimbo huo. Wakiniona barabarani wananipigia honi na kucheka.

Siku ile nilisahau. Nimejaribu kutafuta maelezo mengine, sina.

Fundi niliyempigia simu alikuja kwa pikipiki kutoka Mafinga, mtu mpole wa makamo, akanisalimu kwa Kihehe. "Kamwene, bosi. Pole sana na msiba." Alikagua fyuzi, zote nzima. Akasikiliza pampu ya mafuta, kimya. Akawasha swichi na kuinama kwenye dashibodi: taa ya injini haikuwaka. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, nakiri.

"Hii kontroboksi imekufa, bosi. Hapa mpaka kesho, tuagize nyingine."

"Imekufa?"

"Imekufa kabisa."

Ilikuwa mara ya pili siku hiyo kuambiwa neno hilo, na liliniingia vibaya. Niliketi kwenye kokoto za pembeni ya lami. Hapo ndipo shemeji alipopiga simu.

"Shemeji, umefika wapi? Mama ameshaoshwa. Shehe anasema kama una uhakika wa kufika, atasogeza mazishi mpaka alasiri. Nipe neno."

"Gari limekufa, shemeji."

"Sasa tukusubiri?"

Malori ya mbao yalikuwa yakipita mbele yangu, yote yanaelekea Iringa. Ningeweza kunyoosha mkono. Dada ameniuliza mara nyingi kwa nini sikunyoosha, na kila mara namjibu kwa ukali kwa sababu sijui.

"Msinisubiri," nikasema. "Zikeni."

"Haya. Mungu akupe subira."

Fundi alikuwa anakusanya spana zake. Niliingia garini kuchukua kofia yangu, na mkono wenyewe ukawasha swichi, mazoea tu. Hapo ndipo niliposikia kitu ambacho hakikuwepo. Ukiwasha swichi, rilei ile hulia tik, mara moja, kwa sauti ndogo. Haikulia.

"Fundi," nikaita, "rilei umeijaribu?"

"Rilei gani, bosi?"

Niliichomoa, nikachomoa na ya honi, nikaipachika mahali pake. Nikawasha. Tik. Taa ya injini ikawaka, pampu ikavuma, na nilipozungusha ufunguo injini ikashika mara moja. Hata dakika tatu hazikufika. Niliibandua ile mbovu kifuniko, nikakuta ndani imeungua, nyeusi tii.

"Eeh! Limepona!" fundi akapiga makofi. Nilitamani kumzaba kibao, na hakuwa na kosa kunizidi mimi.

Nilimpigia shemeji. Simu imezimwa. Ilikuwa saa saba kasoro, wameshaingia msikitini. Simu ya dada iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena na tena, mkono mmoja kwenye usukani, nikiomba kwa sauti kama mwendawazimu kwamba shehe arefushe mawaidha. Mbele yangu kulikuwa na lori la mbao linalotambaa, nami nikabonyeza honi, nikabonyeza tena kwa ngumi, kabla ya kukumbuka kwamba sina honi.

Nilifika makaburini saa nane na robo. Wanaume walikuwa wanatoka, kanzu zimekunjwa, wananipa mkono na kushusha macho. Shemeji alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza ni nani aliyempokea. Nilichota udongo nikauweka juu ya ule uliokwishawekwa. Niliomba dua yangu fupi, na nikamwambia mama kwamba nimechelewa, nikaona aibu ya neno lenyewe.

Tulirudi pamoja mpaka barabarani. Shemeji akaliona gari, akasimama.

"Si ulisema limekufa?"

"Nilisema."

Alilitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi. "Na sasa?"

"Limepona," nikamjibu.