Kila Mtoto na Rangi Yake

Mteja akija kuchukua picha kwa Mama Rangi, hakabidhiwi mezani. Huambiwa, "Twende mlangoni." Pale penye mwanga wa jua, Mama Rangi huiweka picha karibu na shavu la mwenyewe, akafumba jicho moja kama fundi anayepima ukuta. Ikiwa imepauka, anairudisha ndani bila maneno. Ikiwa sawa, anatabasamu: "Huyo ndiye wewe. Nenda naye." Majirani ndio waliompa jina hilo, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa heshima.

Darasa la saba ndilo lililokuwa la mwisho kwake, lakini siku ya kununua printa alimtoa jasho muuzaji aliyesoma kumpita. Alikwenda dukani na kitinda mimba wake mgongoni.

"Chukua hii ndogo, dada," muuzaji alimwambia. "Rahisi, kila mtu anachukua."

"Na wino wake?"

Muuzaji akakohoa. Wino ulikuwa kwenye vikopo vidogo vya kubadilisha, na vikopo viwili vilikaribia bei ya printa yenyewe.

"Kaka yangu, punda kumnunua si kazi, kazi ni kumlisha. Nionyeshe ile ya kumimina wino wa chupa."

Alionyeshwa. Hakutoa pesa. Alitoa simu, akataka ichapwe picha ya mtoto aliyekuwa mgongoni. Ikatoka ya kijivu.

"Huyu wa nani?" akauliza. "Wangu yuko hapa, hajawa majivu."

Kumbe muuzaji alitia karatasi ya kawaida. Akatia karatasi ya picha, upande unaong'aa juu, na Mama Rangi akatoka nayo hadi barazani, akamshusha mtoto, akailinganisha na mkono wa mtoto. Muuzaji alimfuata akicheka. "Miaka sita nauza printa, sijaona mtu anayempimia mtoto mashine kama kiatu!"

Nyumbani aliiweka mbali na dirisha, akaifunika kitambaa safi. Karatasi zilikaa kabatini, zimefungwa zisipate unyevu. Kila Jumatatu na Alhamisi, mteja awepo asiwepo, alichapa picha moja ndogo yenye rangi zote, maana wino usiopita hukauka kwenye vitundu vya printa, na vitundu vyenyewe ni vyembamba kuliko unywele.

Basi mwaka huo mwalimu wa chekechea akamjia. Watoto ishirini na sita walikuwa wanamaliza, na kila mzazi alitaka picha. "Studio ya mjini wamenichosha," mwalimu alisema. "Mwaka jana weupe walitoka wamepauka, weusi wakatoka giza tupu. Wazazi walinisema mpaka nikajuta. Safari hii nakupa wewe. Usiniangushe."

Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Aliwapiga watoto picha mmoja mmoja kivulini, penye mwanga mpole. Siku moja kabla ya sherehe, asubuhi, akawasha printa ili achape.

Mtoto wa kwanza akatoka zambarau.

Mama mkwe wake, anayekaa nao, alisogea akachungulia. "Maskini, huyu kapigwa na baridi gani?"

Mama Rangi hakuweza kucheka. Alichapa ukurasa wa majaribio, ule wenye mistari ya kila rangi. Nyeusi nzima, nyekundu nzima, buluu nzima. Ya njano imekatika-katika kama meno ya kibogoyo. Bila njano hakuna ngozi ya mtu. Lakini imezibaje, naye juzi tu alichapa?

"Mama," akauliza taratibu, "kuna mtu aliyeigusa?"

Bibi akatazama sakafu. "Kuigusa, hapana. Mimi nachomoa tu. Siku hizi kila jioni ukienda jikoni, nachomoa waya. Moto wa umeme haupigi hodi, mwanangu. Nina wajukuu humu ndani."

Hasira ilimjia Mama Rangi, ikamkuta mama mkwe amekunja mikono kama mtoto aliyevunja kikombe, ikarudi ilikotoka. Akakaa naye kwenye mkeka.

"Umetulinda, mama, ahsante. Ila hii ni kama kalamu. Ukiizima kwa kitufe chake, inajifunika kwanza ndipo inalala. Ukichomoa waya ghafla, inalala mdomo wazi, wino unakauka."

"Yaani nimekuwa nailaza bila shuka?"

"Bila shuka kabisa."

"Sasa itapona?"

Hilo ndilo ambalo hakulijua. Aliamuru mashine ijisafishe. Njano ikarudi nusu. Akarudia. Ikasogea kidogo. Kidole kilimuwasha arudie mara ya tatu na ya kumi, lakini alijizuia: kila usafishaji unakunywa wino, na wino mkavu haulazimishwi, unalainika wenyewe. Akaiacha ikiwa imewashwa.

Saa sita mwalimu akaingia, akaona yule mtoto wa zambarau mezani. Rangi ya mwalimu mwenyewe ikabadilika.

"Mama Rangi! Kesho saa mbili wazazi wako mlangoni kwangu. Nikimbilie studio?"

"Nipe mpaka saa kumi, mwalimu. Isipokubali, nitazipeleka studio mimi mwenyewe kwa mikono yangu."

Mwalimu akaondoka bila kuaga vizuri. Mama Rangi akafua, akanyonyesha, akapika, na kila akipita alijikaza asiiguse. Bibi alivuta kiti hadi kwenye soketi akakaa kama mlinzi wa benki. Mjukuu akisogea: "Pita mbali! Mgonjwa kalala."

Saa nane akasafisha mara moja tu, akachapa mistari. Bibi akaihesabu kwa kidole. "Njano nzima, mwanangu! Nzima!"

Mama Rangi hakushangilia. Alichapa mtoto mmoja, akatoka naye mlangoni, akatazama kwa jicho moja. Kisha akarudi akachapa ishirini na watano waliobaki, akawatandaza kitandani wakauke, asiguse mtu. Mwalimu aliporudi saa kumi, alisimama pembeni ya kitanda akiwataja watoto wote kwa kuwatazama, hakukosea hata mmoja.

"Usiziweke kwenye bahasha leo, wino haujakauka vizuri," Mama Rangi akamwonya. "Nitazileta asubuhi."

Asubuhi wazazi walipokea, wakazigeuza huku na huku, wakalinganisha. Baba mmoja, fundi wa matofali, mtu mkubwa wa maneno machache, alishika picha ya bintiye, mweusi kuliko wote darasani. Akaitazama muda mrefu. Akamwita mkewe.

"Njoo uone. Nyusi zake zinaonekana. Hata kishimo cha shavuni."

"Si anacho siku zote?" mkewe akasema.

"Anacho. Ila kwenye picha hakuwahi kuwa nacho." Akageuka. "Nani kazitengeneza hizi?"

Mwalimu akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya chumba, alikosimama Mama Rangi na mtoto mgongoni. Watu wakageuka. Siku nyingine angeinamisha kichwa. Siku hiyo hakuinamisha.

"Ni mimi," akasema.