Nilimsahihisha Yaya Anselme mbele za watu, album ya Muvua ikafa

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunia.

Nimeona ule uzi wa juzi wa kupanga album kali za hip hop za miaka ya tisini. Watu wanatukanana huko kisa namba moja na namba mbili. Nilitaka kuchangia, nikaandika, nikafuta. Mwisho nimeona nifungue uzi wangu, maana yangu ni ndefu na hainipi sifa yoyote.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Majina ya watu nimebadilisha, mengine yote yako jinsi yalivyokuwa. Kiswahili chetu ni cha Ituri, mkikuta "iko" na "weye" mnivumilie.

Nimekulia Ngezi, mtaa tu wa watu wa kawaida hapa mjini.

Vita ilipotulia kidogo watu walianza kurudi, na mmoja wao alikuwa Yaya Anselme, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kwetu "yaya" ni mkubwa wako, awe kaka au dada. Alikuwa amekimbilia ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda, akakaa miaka kadhaa anabebea watu samaki. Alirudi kupitia bandari ya Tchomia akiwa na redio ya kaseti na katoni moja ya kaseti zilizokuwa zinanuka samaki wa moshi. Hata ukiosha mikono, ile harufu unalala nayo.

Hiyo ndiyo golden age yetu, wakuu. Copy ya copy ya copy.

Hakuna cover, hakuna jina la msanii. Basi tukazipa majina siye wenyewe. Kuna Ya King'ora. Kuna Ya Piano. Kuna Ya Wawili, jamaa wawili wanapokezana mic mpaka unashindwa kujua nani ni nani. Na mfalme wao wote, Ya Muvua. Inaanza na mvua inanyesha, inanyesha, hakuna mtu anasema kitu, ngurumo inapiga, ndipo beat inaingia. Watoto kumi na tano kwenye baraza moja, tulikuwa tunanyamaza mvua yote ile.

Nitoke nje ya mada kidogo. Nyie mnaosema "album kali lakini ina nyimbo mbili za kujaza", siye hatukuwa na ku-skip. Kupeleka kaseti mbele kunakula betri, na betri zenyewe Yaya Anselme alikuwa anazianika juani zipate nguvu. Unaanza kwenye mvua, unatoka kwenye wimbo wa mwisho. Na ndivyo wale jamaa walivyozitengeneza. Wimbo wa nne unakuandaa kwa wa tano. Ukiurukia wa tano peke yake unaona wa kawaida tu.

Turudi.

Shida yetu ilikuwa Kiingereza. Hapa shule ni Kifaransa, Kiingereza tulijua "good morning" na "teacher". Ila Yaya Anselme ametoka Uganda. Kwa hiyo yeye ndiye alikuwa anatutafsiria.

Kila Jumapili baada ya ibada, tunajaa barazani kwake. Kila kaseti ilikuwa na kaye yake, daftari ya shule ya kawaida, na zote pamoja zilikuwa kumi na moja. Anaachia ubeti mmoja, anabonyeza stop, anavaa miwani yake yenye mguu mmoja, anasoma kwenye kaye jamaa amesema nini. Anaachia mwingine.

Wakuu, yale maneno yalikuwa matamu, sijui niwaambie vipi.

Kuna mahali kwenye Ya Piano alisoma hivi: "Wanasema kwetu kubaya. Lakini jioni mama moja akiita mutoto, watoto yote wa mutaa wanaitika." Nilikuwa na miaka kumi na sikuwa nimesikia mtu mzima akisema kitu kama hicho kuhusu mtaa maskini. Nilipenda hip hop siku ile ile.

Lakini ule wa sita kwenye Ya Muvua ndio ulikuwa wenyewe. Tuliuita wa Mama. Ninavyokumbuka ulikuwa unaanza hivi:

"Mama, nimefika Marabo, viatu imekwisha. Watakuambia nimekufa. Usikatae, usiitike. Weye funika tu chakula yangu na sahani."

Marabo ni hapa hapa kwetu Ituri. Siku moja nikamuuliza, "Yaya, hawa Wamerika wanajua Marabo?"

Hakupepesa hata jicho. "Wao walitaja mahali ingine. Miye nimeweka Marabo ili muelewe."

Nikaridhika kabisa. Tuliridhika wote.

Na siyo watoto peke yetu. Wimbo wa sita ukikaribia, wamama walikuwa wanasogea ukutani kama wanaanika nguo. Mama yangu alikuwa anachambua maharage pale, ukifika ule wimbo mikono yake inasimama. Nilidhani anapenda beat.

Miaka ikaenda. Nikapata nafasi ya kwenda kusoma Kampala, nikachukua masomo ya Kiingereza kwa sababu ya zile kaseti na si kingine. Huko nikapata simu nzuri, nikapata intaneti, na kitu cha kwanza nilichotafuta ni Ya Muvua. Ilinichukua wiki mbili, maana unatafutaje album ambayo hujui jina lake wala la mwenyewe? Nikaipata. Mvua ile ile! Nililia, sioni aibu kusema.

Halafu nikafungua lyrics za wimbo wa sita.

Magari, wakuu. Jamaa anajisifu magari, anaponda maadui zake, anasema hakuna wa kumgusa kwenye mic. Mwanzo mpaka mwisho. Mama hayupo, sahani haipo, viatu ni vipya tena vya bei.

Nikafungua zote. Kaye nzima ya Ya Muvua, hakuna mstari hata mmoja uliokuwa wa kweli. Ya Piano hivyo hivyo. Yaya Anselme hakujua Kiingereza. Alijua cha kuuza samaki tu.

Nilicheka, halafu hasira ikanipanda. Nilijiona nimedanganywa utoto wangu wote.

Niwe mkweli, lyrics zenyewe ni kali. Yule jamaa anavyopanga vina, anavyovunja mstari katikati na kuuokota mbele, ndiyo maana mpaka leo watu wanaiweka kwenye tano bora. Lakini mimi nilikuwa kijana mwenye diploma mpya, na kijana mwenye diploma mpya ni mtu wa hatari.

Nikarudi Bunia. Nyumbani wakanifanyia sherehe, mbuzi, viti vya kukodi, wenzangu wawili wa Kampala nimekuja nao. Yaya Anselme alikuja na shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola imesimama. Akaomba kusema. Akasema, "Huyu mudogo wangu, Kiingereza yake ilianzia kwenye baraza yangu."

Watu wakapiga makofi. Mtu akapaza sauti, "Yaya, tusomee ya Mama!" Kumbe alikuja na kaye kabisa. Wakaweka wimbo, akasoma. Wamama wakaanza kujifuta macho.

Wenzangu wa Kampala, ambao Kiingereza wanakijua na Kiswahili wanakisikia, wakaanza kucheka chini chini. Nikaona aibu. Nasema ukweli, niliona aibu kwamba huyu ndiye mwalimu wangu wa kwanza.

Nikasimama na simu yangu. Nikasema, "Yaya, samahani, acha niwasaidie wasikie kile wimbo inasema kweli." Nikatafsiri. Mstari kwa mstari, magari yote, hata aina ya matairi. Kila mstari nilikuwa nauliza watu, "Mumemusikia mama hapo? Hata miye hapana."

Vijana walicheka mpaka viti vinaanguka. Wamama hawakucheka.

Nilipomaliza Yaya Anselme alikunja kaye yake, akasema, "Asante, mwalimu." Akatoka. Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Mama yangu alichukua sahani ya Yaya, akaifunika na sahani nyingine, akaiweka kwenye kabati. Mpaka asubuhi ilikuwa pale. Mimi nikadhani yameisha.

Kuanzia siku ile vijana wa mtaa wakampa jina Interprète, yaani mkalimani. Akipita na samaki wake, "Interprète! Huyu kuku anasema nini?" Baraza ikafungwa. Redio sikuisikia tena. Mimi alikuwa ananisalimia vizuri tu, lakini "mudogo" iliisha. Ikawa "bonjour, mwalimu". Wakuu, afadhali angenitukana.

Imepita miaka minne hivi. Mwaka jana, asubuhi moja nikienda kazini, nilinunua mandazi kwa Mama Furaha, mke wa Yaya Anselme, anauzia kona ya barabara yetu. Nikafika shule ninakofundisha, nikafungua mandazi, nikaona mwandiko ninaoujua kwenye karatasi iliyoyafunga.

"Mama, nimefika Marabo, viatu ime"

Basi. Hapo imechanwa, na chini ni mafuta matupu.

Niliacha darasa. Nilikimbia, mwalimu mzima na tai. Nikamkuta Mama Furaha anafunga mandazi ya mteja kwa karatasi nyingine kabisa, hesabu za darasa la nne. Nikamuuliza kaye ziko wapi. Akaniangalia kwanza.

"Zilikwisha. Ile uko nayo ilikuwa imeangukia chini ya sanduku. Ni yeye mwenyewe alinipa zote. Alisema ni makaratasi ya uongo, zifungie watu mandazi."

Kumi na moja, wakuu. Mtaa mzima ulikula ile album na mimi nikiwemo.

Nikaenda nyumbani na kile kipande. Mama yangu alikitazama, akakaa chini. Ndipo akaniambia. Wakati Yaya Anselme amekimbia ng'ambo ya ziwa, watu walileta habari kwamba amekufa njiani. Mama yake hakukubali wala hakukataa. Kila jioni alikuwa anapakua chakula cha mtoto wake, anakifunika na sahani. Mtaa mzima ulimwona. Akafa, na Yaya akarudi miezi miwili baadaye. Mimi nilikuwa mdogo, sikuyajua.

Nikamwambia, "Kwa hiyo mulijua siyo Wamerika?"

"Siye wote tulijua. Weye tu, mwenye kusoma, ndiye hukujua."

"Sasa kwa nini alikuwa anadanganya?"

"Mwanaume muzima, mubeba samaki, asimame aseme naandika juu ya mama yangu? Nani angekaa kumusikia? Wamerika walimusaidia kusema."

Sikulala vizuri. Kesho yake nikamfuata sokoni, kwenye meza yake ya samaki. Nikaomba msamaha, sikuzunguka. Nikampa kile kipande. Alikifuta mafuta kwa mkono wa shati, akakisoma, akacheka kidogo kwa pua.

Akasema, "Nilijua mama hakuwa mu ule wimbo. Ni miye nilimuingiza. Sikuwa na mahali ingine ya kumuweka."

Nikamwomba anisomee iliyobaki, nimwandikie kwenye kaye mpya, nilikuwa nimeinunua tayari. Akasema amesahau. Nikadhani nikimwekea wimbo utamrudishia. Nikaweka Ya Muvua kwenye simu, tukasikiliza pale pale kwenye samaki, kuanzia mvua, bila kuruka, kama zamani. Wimbo wa sita ukaingia. Alifumba macho. Ukaisha.

Alipofumbua akasema, bila hasira yoyote, "Hapana, mwalimu. Sasa nasikia magari tu."

Akageuka kuhudumia mteja.

Ndiyo hivyo wakuu. Ile album ninayo kwenye simu, sauti safi, sijui imefanyiwa nini. Najua kila neno na kila kina. Nikiwa kwenye ubishi wa album bora siwezi kushindwa na mtu. Tangu nilipozijua lyrics, ule wimbo wa sita haujawahi kunigusa hata siku moja, na nimemharibia hata mwenye nao. Nilisahihisha kitu ambacho hakuna mtu aliomba kisahihishwe, nikafanya hivyo ili wageni wawili wanione msomi. Hao wageni hata simu zao sina leo.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu akikuimbia, kabla hujamwambia amekosea, jiulize kwanza anamwimbia nani.

Sasa ombi langu. Najua watu wa Ngezi mlitawanyika, wengine mko Kampala, Goma, Dar, na wengine mko humu ndani. Kama ulikaa kwenye ile baraza, ukasikia ile mvua na ile harufu ya samaki, andika hapo chini mstari wowote unaoukumbuka. Hata nusu. Nitauandika kwenye ile kaye mpya. Ina mistari miwili mpaka sasa, wa Ya Piano na wa sahani, na nitampelekea hata akiniita mwalimu.

Lyrics msiniletee. Ninazo zote.